Mbuzi Nyuma ya Jiko

Redio ilisema wageni wawili wa ubalozi wataachiliwa kesho asubuhi kwenye daraja la Mpondwe. Ilisema viongozi wa dini wamefanya kazi kubwa, watu wa msituni wamekubali, na majeruhi wao watapokelewa hospitalini bila kuulizwa maswali. Kisha ikasoma bei ya kahawa. Ketura alisimama na ungo mkononi akingoja. Alidhani mtangazaji amesahau sentensi moja, na kwamba akimaliza kahawa ataikumbuka. Lakini baada ya kahawa zilifuata taarifa za vifo, na baada ya vifo wimbo wa kwaya.

"Hawakumtaja," alisema.

Mama yake, Erina, alikuwa amechutama upande wa pili wa turubali, akichambua punje mbovu. Hakuinua kichwa. "Huenda waliposema wageni walikuwa na maana ya wote waliokuwa garini."

"Mama, Shafik ni mgeni wa nani? Amezaliwa Bwera."

Erina alitupa punje moja kwenye kopo, akatafuta nyingine.

Shafik alikuwa dereva. Kampuni ya kukodisha magari mjini Kasese ilimtuma kuwapeleka bwana mmoja na bibi mmoja wa ubalozi wa nchi ya Ulaya ng'ambo ya mpaka, wakaitazame zahanati iliyojengwa kwa msaada wao. Walivuka Mpondwe asubuhi, wakapita Kasindi, na kwenye barabara ya msituni watu wenye bunduki wakawashusha. Tangu siku hiyo redio iliwataja wale wawili kwa majina na vyeo. Shafik ilimtaja mara moja tu, siku ya kwanza, kwa maneno mawili: dereva wao.

Ketura alijua jua likifika juu ya mgomba ule mrefu ni saa ngapi bila kutazama simu. Ndiyo saa ambayo Shafik alikuwa akimbipu. Alikuwa akimaliza sala ya adhuhuri, popote alipo, anabipu mara moja na kukata. Hakuwa na neno la kusema. Ilikuwa njia yake ya kumwambia kwamba amesimama mbele ya Mungu na amemkumbuka. Ketura naye alijizoeza kuweka chini alichoshika na kusema Baba Yetu. Sasa simu ilikuwa kimya kwa majuma, lakini saa ile ilipofika bado aliweka ungo chini, akafumba macho palepale juani, akasali. Siku nyingine sala ilimtoka yote. Siku nyingine ilifika "mapenzi yako yatimizwe" ikakwama, kwa sababu hakuwa na hakika kama anaomba hivyo kweli.

Nyuma ya jiko mbuzi alilia. Mwanawe akamjibu.

"Huyo naye," alisema Erina, "kama anajua."

Mbuzi yule ndiye aliyekuwa chanzo cha maneno yote ya nyumba ile. Shafik alimleta akiwa na rafiki yake Hakim, aliyemshika mkono kama mshenga. Walipanda njia ya Kyarumba kwa miguu, viatu mkononi kwa sababu ya matope, na mbuzi mweusi mbele yao. Mzee Baluku, baba yake Ketura, aliwakaribisha vizuri, akawapa viti na ndizi za kuchoma. Walipotaja kilichowaleta, akasema: "Vijana wangu, siwafukuzi. Lakini mimi ni mzee wa kanisa, na binti yangu amebatizwa kwa mikono ya mchungaji niliyemzika mwenyewe. Rudini na mbuzi wenu."

Kwa watu wa milima ile, mbuzi wa kwanza ndiye anayefungua mlango. Ukimkataa unamrudisha kwa kamba yake siku hiyohiyo, kabla hajala kitu cha nyumba yako. Mzee Baluku aliyajua hayo kuliko wengi. Lakini mvua ilianza wageni wakiwa bado wamekaa, mto ukajaa, na hata watu wazima walivuka kwa kushikana mikono. Hakim akasema mbuzi atachukuliwa na maji. "Basi alale, kesho mje," alisema Baluku. Kesho ilikuwa siku ya kuvuna. Kesho kutwa alikuwa na kikao cha kanisa. Erina akamfunga nyuma ya jiko ili mumewe asimwone kila anapotoka, akamtupia maganda ya ndizi. Juma lililofuata, Shafik akiwa ameshatekwa, mbuzi akazaa.

Mzee Baluku aliuona ule uzazi, akasema tu, "Watu hawa warudishiwe mali yao." Hakusema nani awarudishie.

*

Masereka alifika baada ya chakula, nyuma ya bodaboda, vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa kaka yake Erina, wakala wa forodha pale Mpondwe, mtu aliyezoea kusimama kati ya wenye malori na wenye mihuri. Kwa sababu hiyo, viongozi wa dini walipohitaji mtu wa kupeleka na kurudisha maneno mpakani, walimwita yeye. Alikunywa maji, akaomba mengine, akanywa.

"Shemeji," alimwambia Baluku, "nimekuja kwa jambo la huyu kijana."

"Kijana gani?"

"Shemeji, usinichoshe. Nimepanda mlima huu na mgongo wangu huu."

Ketura alisimama mlangoni na kikombe cha maji alichosahau kukipeleka. Mjomba wake alimwona, akamwashiria akae. Baba yake hakumkataza.

"Wageni wanatoka kesho," alisema Masereka. "Hilo limekwisha. Dawa zimekwenda, majeruhi wao watatu wameshavuka. Jana nikauliza, na dereva? Watu wa msituni wakanijibu dereva hakuwa kwenye mazungumzo. Wanasema yule ni mtu wetu, anasema lugha yetu, anajua gari, na sisi tuna gari halina dereva. Abaki."

"Abaki vipi?" aliuliza Erina. "Kwani ni kisu kilichookotwa?"

"Ndivyo nilivyowaambia, dada. Wakauliza, ana nani? Baba alikufa. Mama alikufa. Mke hana, mtoto hana. Wakasema, mtu kama huyo anarudi kwa nani?"

Kikombe kilimlemea Ketura mkononi. Alikiweka chini polepole ili kisilie.

"Sasa sikilizeni," aliendelea Masereka. "Huyo kijana mwenyewe, mbele ya mkubwa wao, akasema: mimi nina mke Kyarumba. Wakacheka. Mke yupi, na mahari iko wapi? Akasema: mbuzi wangu yuko uani kwa baba mkwe sasa hivi, nendeni mkamuulize."

Ketura alihisi uso ukimwaka. Si kwa aibu mbele ya baba yake, bali kwa sababu alikumbuka maneno ya mwisho aliyomwambia Shafik. Ilikuwa Bwera, kando ya gari lake, siku mbili kabla ya safari. Ketura alikuwa amechoshwa na uso wa baba yake kila jioni. Alimwambia: njoo umchukue mbuzi wako. Shafik alikuwa akifuta kioo. Aliendelea kufuta palipokwisha kuwa safi. Kisha akamtazama kwa yale macho yake yasiyo na haraka, macho yaliyomfanya siku ya kwanza sokoni asahau bei ya matunda yake mwenyewe, akasema: "Hilo ni neno la baba. La kwako ni lipi?" Naye, kwa ukaidi, akajibu: "La kwangu ndilo hilo. Mchukue." Shafik akakunja kitambaa. "Nikirudi safari hii nitakuja," akasema, akaingia garini.

Kumbe huko msituni, mbele ya bunduki, hakumchukua. Alimwacha palepale.

"Mkubwa wao ni Mnande wa ng'ambo," alisema Masereka. "Mtu mzima. Desturi yao na yetu ni moja, mnajua. Akasema: kama ni kweli, huyo baba mkwe aje mwenyewe darajani kesho, aseme kwa kinywa chake kwamba mbuzi ni wake. Akisema, kijana anavuka. Wakigundua ni hadithi tu, anabaki. Na aliyewadanganya hawatamchekea."

Baluku alikuwa akitazama viganja vyake. Mikono yake ilikuwa na rangi ya kahawa isiyotoka hata Jumapili.

"Mbuzi yule si wangu," alisema.

"Shemeji."

"Nilimkataa mbele ya mashahidi. Wewe unataka nisimame darajani, mbele ya watu na mbele ya Mungu, niseme nilimkubali?"

"Ni neno moja tu."

"Neno moja ni neno. Miaka yote hii kanisani nawasomea watu kwamba ndiyo yenu iwe ndiyo. Wakisikia mzee Baluku alikwenda mpakani kusema uongo, nitasoma nini?"

"Utasoma kwamba mtu yu hai," alisema Erina.

Ilikuwa nadra Erina kuingilia. Baluku alimgeukia.

"Na wewe ndiye uliyemlisha maganda."

"Nilimlisha. Alikuwa na mimba. Ulitaka nimwangalie afe kwa sababu ya dini ya mwenyewe?"

Masereka alikohoa, akatazama juu kwenye paa kana kwamba anahesabu mabati. Baluku aliinuka, akachukua kofia yake, akatoka nje.

*

Ketura alimkuta kwenye banda la mbuzi wake, upande wa juu wa shamba, ameegemea boriti. Alijua desturi ya baba yake. Jambo likimzidi, hupanda kule, huvua kofia, na midomo yake hutikisika bila sauti. Alisimama mbali kidogo hadi kofia iliporudi kichwani.

"Umekuja kunililia?" aliuliza Baluku bila kugeuka.

"Hapana, baba."

"Mama yako amekutuma?"

"Hapana."

"Basi sema."

Ketura alikuwa amepanga maneno mengi njiani, lakini yaliyotoka yalikuwa machache. "Sikuombi useme uongo. Najua huwezi, na hata ukijaribu wataona usoni. Nakuomba uamue. Tangu mvua ile hujaamua, baba. Umemkataa kwa mdomo na mbuzi yuko kwako. Ukimkataa kweli, nitamfungua sasa hivi nimpeleke Bwera kwa Hakim, na mjomba atakwenda kuwaambia kwamba Shafik hana mtu. Lakini usiseme mbuzi si wako huku anakula kwako."

Mbuzi mmoja alikuja kunusa goti la Baluku, naye akamsukuma taratibu.

"Huyo kijana," alisema mwishowe, "akikasirika hufanya nini?"

Ketura hakutegemea swali lile. "Hunyamaza. Kisha huosha gari."

"Na kama hana gari?"

"Sijui. Labda ataosha sufuria zangu."

Ukingo wa mdomo wa Baluku ulicheza kidogo, ukatulia. "Na kanisa? Alikuambia nini juu ya kanisa?"

"Nilimuuliza siku nyingi. Alisema, mimi nitaswali, wewe utasali, na atakayechelewa kurudi atakula chakula kilichopoa."

"Hilo si jibu."

"Najua si jibu, baba. Lakini hakusema niache."

"Na watoto?"

"Hatujafika huko."

"Lazima mfike."

"Tutafika akiwa hai."

Mzee Baluku alivua kofia tena. Safari hii alisali kwa sauti, kwa Lhukonzo, lugha yao ya mlimani, maneno mafupi kama mtu anayeongea na jirani wa siku zote. Alimwambia Mungu kwamba hajui kama anakosea. Alimwambia kwamba alikuwa amejificha nyuma ya mvua na nyuma ya shughuli, na kwamba Mungu amemkuta huko. Aliomba asimame darajani bila neno la uongo kinywani. Ketura alisema amina.

"Nenda kaniletee kile kisu kidogo," alisema Baluku. "Na umlete huyo mbuzi. Na mwanawe."

Kila nyumba ya mlimani ina alama yake ya sikio. Ya Baluku ilikuwa pengo moja chini ya sikio la kushoto, alama ya baba yake na ya babu yake. Mbuzi akishakatwa hivyo, hata akipotea hadi ng'ambo watu humrudisha bila kuuliza.

Ketura alimshika pembe. Baluku alipapasa lile sikio jeusi, akalifuta kwa kidole, akakata mara moja. Mbuzi alilia, akatikisa kichwa, tone la damu likaruka kwenye shati la mzee. Erina na Masereka walikuwa wamepanda kutazama. Baluku alimkata na mwanawe, kisha akafungua mlango wa banda, akawaingiza wote wawili kati ya mbuzi wake.

"Masereka," alisema, akifuta kisu kwenye nyasi, "kesho tunaondoka saa ngapi?"

*

Asubuhi ile soko la Mpondwe lilikuwa limefungwa kwa amri ya askari, lakini watu walijaa kandokando. Wapagazi walikalia mikokoteni mitupu. Malori yalipanga mstari hadi njia ya Bwera. Magari mawili meupe ya ubalozi yalisimama karibu na daraja, injini zikinguruma, na kando yao askari, mchungaji mmoja na shehe mmoja waliosimama chini ya mwavuli mmoja.

Baluku alivaa koti lake la Jumapili. Ketura alimfuata kwa nyuma.

Askari mmoja aliwazuia. "Wewe mzee, rudi nyuma. Hapa si soko."

"Afande," alisema Masereka, "huyu ndiye mkwe."

"Mkwe ya nani?"

"Ya dereva."

"Dereva gani? Mimi nimepewa watu wawili. Dereva hayuko kwa maagizo yangu."

"Wako watatu, afande. Ngoja utaona."

"Akitoka nitaona," alisema askari, lakini aliwaacha wasimame pale.

Kutoka upande wa Kongo alikuja mama mmoja mnene, kitenge cha njano, mkoba kwapani. Ketura alimfahamu kwa sura. Alikuwa Mama Kahindo, muuza mawese wa Kasindi ambaye kila mtu sokoni alimdai au alidaiwa naye. Watu wa msituni walimwamini kwa sababu alikuwa hana upande ila wa mafuta yake. Alimsalimia Masereka, akamtazama Baluku kuanzia viatu.

"Ni wewe baba mukwe?"

"Ni mimi."

"Ule mutoto anasema mbuzi yake iko kwako. Iko kweli ao ni bongo ya kudanganya?"

"Ni kweli. Yuko bandani kwangu, na sikio lake lina alama yangu."

"Iko rangi gani?"

"Mweusi. Mguu mmoja wa mbele mweupe."

Mama Kahindo alitikisa kichwa kukubali. Ketura alianza kupumua.

"Beko ngapi?"

"Wawili," alisema Baluku.

Mama Kahindo alikunja uso. "Mutoto alisema moja."

Masereka alimgusa shemeji yake kiwiko. Ketura alielewa. Shafik hakuwahi kujua habari ya uzazi. Ilikuwa rahisi kusema, kweli ni mmoja, nimekosea, na jambo lingekwisha. Moyo wake ulimwomba baba yake aseme hivyo, na palepale akaona haya kwamba umeomba.

Baluku alikivuta kiwiko chake. "Alileta mmoja, mama. Yeye anajua mmoja. Lakini mbuzi alizaa nyumbani kwangu, na sasa ni wawili. Siwezi kukuambia mmoja."

Mama Kahindo alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akatoa simu mkobani, akageuka kidogo, akapiga.

"Allô, chef. Niko naye hapa... Mweusi, ndiyo, muguu mweupe... Hapana, beko mbili. Alizala... Ndiyo, alizala kwake." Alisikiliza. Akaziba simu kwa kiganja. "Chef anauliza, ule mwana-mbuzi ni ya nani?"

"Mwambie ni wangu," alisema Baluku. "Amezaliwa kwangu."

Mama Kahindo aliyapeleka maneno. Hata pale walipokuwa wamesimama waliisikia sauti ya mwanamume ikicheka ndani ya simu, kicheko kirefu cha mtu aliyewahi kubishana juu ya mbuzi. Mama Kahindo akairudisha simu mkobani.

"Anasema, mutu wa bongo angesema moja. Ngojeni."

Walingoja. Shehe alifunga macho, mchungaji naye akafunga yake. Ketura hakuweza kufunga yake.

Wale wageni wawili walitokea kwanza, wakitembea katikati ya daraja, wamekonda, nguo zao zimefuliwa kwa maji ya mto. Watu wa ubalozi walikimbia kuwapokea na mablanketi. Yule bwana aliingia garini mara moja, akafunika uso. Yule bibi alifika mlangoni, akasimama, akageuka kutazama daraja. Mtu mmoja alimshika bega aingie. Bibi akauondoa mkono huo. Aliendelea kusimama pale na blanketi begani hadi Shafik alipoonekana.

Alikuwa amevaa viatu vya mpira vya mtu mwingine, vikubwa kuliko miguu yake, na ndevu zimeota bila mpango. Alitembea polepole kama mtu asiyetaka kuonekana anakimbia. Yule bibi alimwinulia mkono. Shafik naye aliinua wake. Ndipo bibi akaingia garini.

"Huyo ni wa tatu?" aliuliza askari.

"Ni wa tatu, afande," alisema Masereka.

"Sawa. Mpite."

Ketura alisogea hatua moja akasimama, kwa kuwa baba yake alikuwa amekwisha kwenda mbele. Shafik alipomwona mzee, alisimama, akainama kwa heshima na kushika mkono mmoja kwa mwingine kama kijana wa mlimani anavyofundishwa. Baluku alimtazama vile viatu, zile ndevu.

"Umekula?"

"Jana, mzee."

"Erina amekufungia chakula. Kipo kwa Masereka. Utakula sasa hivi, mbele yangu, kisha utakwenda hospitali. Maneno ya kanisa na msikiti bado yapo. Sijayameza. Tutakaa tuyaongee mimi na wewe na shehe wako."

"Ndiyo, mzee."

"Na mbuzi mmoja hatoshi kuozesha binti. Wengine utawaleta lini?"

Shafik alisema, "Nikipata gari jingine la kuendesha, baba."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Baluku alikohoa, akamwambia Masereka twende tukatafute maji ya kunawa, ingawa jagi lilikuwa palepale mkononi mwa Masereka. Waliondoka wote wawili na lile jagi.

Ketura na Shafik walibaki wakitazamana. Watu walipita kati yao na kando yao, soko likianza kufunguka, mikokoteni ikilia. Ketura alitaka kumgusa, lakini pale mbele ya watu wote wa Mpondwe aliweza tu kumtazama. Macho yake yalikuwa yaleyale, yasiyo na haraka.

"Walichukua simu," alisema Shafik. "Sikuweza kubipu."

"Nilisali hata hivyo."

"Nilijua. Saa ile nilikuwa najua."

Ketura alitazama chini, akaona vile viatu vikubwa, akacheka na machozi yakamtoka pamoja.

"Uliniambia nije nimchukue mbuzi wangu," alisema Shafik.

"Nilikuambia."

"Nimekuja."

Ketura alijifuta uso kwa kiganja. Mbele yao baba yake alikuwa amesimama kando ya mkokoteni mtupu, akijifanya anatazama malori, tone la damu iliyokauka likionekana kwenye ukosi wa shati chini ya koti la Jumapili.

"Umechelewa," alisema Ketura. "Ameshakatwa sikio."